Kambi ya kikundi kando ya kijito cha mlimani: mwongozo kamili kwa mnaotoka Dar

Kila baada ya mapumziko ya Sabasaba na Nanenane napokea ujumbe wa aina moja. Kikundi kimetoka Dar kwenda kulala msituni Uluguru, kimepata kijito kizuri chini ya miti, kimesimamisha mahema hatua tatu kutoka kwenye maji, na kabla usiku wa kwanza haujaisha watu wameshafunga virago. Wengine waliloa. Wengine walitetemeka hadi alfajiri. Wengine waliharisha siku mbili baada ya kurudi Tabata au Mbagala, wakadhani ni chakula cha njiani.

Makosa hayo yote yana chanzo kimoja: watu wanakichukulia kijito kama pambo la kambi. Kijito ndicho kinachoamua mlale wapi, mpike wapi, choo kiwe wapi na mnywe nini. Mkikisoma vizuri kabla ya kushusha mizigo, mengine yanakaa mahali pake.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 12 wanaolala mara mbili. Mfano wangu ni Uluguru kwa sababu ndiyo milima mirefu ya msitu iliyo karibu nasi, kilomita 200 hivi kutoka Dar hadi Morogoro mjini, lakini hatua ni zilezile mkienda Udzungwa au Usambara.

Vifaa, kabla ya kitu kingine chochote

Vya kikundi:

- Mahema yenye kifuniko cha mvua cha juu. Hema la watu wanne lalieni watatu. Begi nalo linahitaji nafasi.
- Turubai mbili, moja ya jikoni na moja ya akiba, na kamba ya katani isiyopungua mita 40.
- Madumu matatu ya lita 20 ya maji ghafi na ndoo mbili zenye koki na kifuniko za maji safi. Madumu yawe ya njano, ndoo ziwe nyeupe. Sababu mtaiona kwenye hatua ya 6.
- Vidonge vya klorini vya kutibu maji, na kanga kuukuu safi ya kuchujia.
- Jiko la gesi, sufuria mbili kubwa, mwiko, beseni mbili.
- Jembe dogo au koleo la mkono. Panga moja tu, na likae kwa kiongozi.
- Viroba vya salfeti vitatu vya taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo isingehimili miiba.
- Sanduku la huduma ya kwanza: bandeji pana, dawa ya vidonda, dawa ya maumivu, ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha) pakiti 12 au zaidi.
- Majivu makavu, kopo moja la kilo mbili.

Vya kila mtu: sweta zito, koti la mvua, suruali mbili zisizo za jinzi, soksi jozi tatu, kofia ya kusokotwa, viatu vyenye soli ya meno, yeboyebo za kuingilia majini, godoro jembamba la sponji, blanketi au mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani, filimbi.

Masweta na makoti mazuri yako Karume kwenye mitumba. Nendeni asubuhi bale likifunguliwa. Turubai na kamba ni Kariakoo. Jinzi ziacheni nyumbani, kwa sababu ikishaloa chini ya kivuli cha msitu haitakauka mpaka mrudi Dar.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi, kisha upande wa mlima

Miezi ya uhakika ni Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, msilale kando ya kijito chochote cha mlimani. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ni ya kuogopa, kwa sababu mvua zake huja ghafla jioni. Januari na Februari huwa na nafuu, ila fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wiki ile ya safari.

Upande nao una uzito. Uluguru ya mashariki, kule Kinole na Matombo, inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua huweza kunyesha mwezi wowote. Upande wa magharibi, ulioelekea Morogoro mjini na Mgeta, ni mkavu zaidi. Kikundi kinachokwenda kwa mara ya kwanza kiende upande wa mjini.

Hatua ya 2: Ruhusa na mwenyeji

Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ruhusa inaombwa kwao, na malipo yanafanyika kwa kontroo namba. Mkiombwa fedha taslimu bila risiti, kataeni kwa heshima na mrudi ofisini. Ulizeni mambo matatu: mnaruhusiwa kulala wapi, moto wa kuni unaruhusiwa au la, na pana choo au hapana.

Chukueni mwongozaji wa kijiji cha pale. Anajua kijito kipi hujaa na kipi hakijai, na hilo hamtalikuta kwenye ramani ya simu. Mkipita kwenye makazi, simameni msalimie. "Shikamoo" kwa mzee aliyekaa kibarazani na dakika tano za mazungumzo zitawapa taarifa ya njia na ya mvua ya jana.

Mtajua hatua hii imekamilika mkiwa na risiti mkononi, jina la mwongozaji, na mtu mmoja Dar anayejua mko wapi na mnarudi saa ngapi. Mwambieni: tusipopiga hadi saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, anza kuulizia. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mkiwa bondeni mtandao hupotea, kwa hiyo mwulizeni mwongozaji mapema ni kilima gani kina mawimbi.

Hatua ya 3: Mizigo na safari

Treni ya reli ya kisasa, SGR, inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, basi kutoka Mbezi Luis huchukua saa nne au zaidi kutegemea foleni. Kwa vyovyote, ondokeni alfajiri. Mnatakiwa muwe mahali pa kambi ifikapo saa nane mchana. Korongoni chini ya miti, giza linaingia mapema kuliko mjini. Saa kumi na moja na nusu jioni tochi zinawaka. Karibu kila kikundi kilichoniandikia kilifika saa kumi na mbili, na ndiyo maana kilisimamisha mahema pale pale kilipochoka.

Mtungi wa gesi msiubebe ndani ya treni wala basi. Chukueni mdogo wa kilo 3 Morogoro. Mboga, ndizi na viungo nunueni Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kabichi na karoti za Mgeta hapo ni mbichi kuliko zile zilizolala kwenye lori hadi Ilala.

Njiani, anayetembea polepole awe wa pili kutoka mbele, nyuma tu ya mwongozaji. Akiwekwa nyuma, kila mnapopumzika yeye anafika wakati ninyi mnainuka, na atavunjika moyo. Mwenye nguvu na filimbi afunge mkia.

Hatua ya 4: Someni korongo kabla ya kushusha begi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo niliyokaa kuiandikia.

Safari yangu ya tatu tulilala juu ya mchanga mweupe kando ya kijito, laini kama wa Coco Beach. Mchanga ule uliletwa na maji, na hakuna kati yetu aliyejiuliza yaliuleta lini. Saa tisa usiku mwenzetu mmoja aliamshwa na kitu kilichokuwa kinagonga ukuta wa hema, taratibu, kwa vipindi. Akamulika. Zilikuwa kandambili zake, zinaelea. Pale tulipolala haikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha juu kileleni, sisi tukapata maji yake. Tulitoka wote wazima, lakini begi mbili na sufuria zote zilikwenda na maji, na dada mmoja aliumia goti kwenye jabali gizani.

Tangu siku hiyo sishushi begi kabla ya kufanya yafuatayo, na huchukua kama nusu saa.

Tembeeni kando ya kijito hatua mia moja kwenda juu na mia moja kurudi chini. Msiyaangalie maji. Angalieni vichaka. Mtaona majani makavu, vijiti na nyuzi za migomba vimenasa kwenye matawi, pengine usawa wa kiuno, pengine juu ya kichwa. Pale ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Tafuteni alama ya juu kuliko zote.

Kisha angalieni nyasi. Zikiwa zimelala zote kuelekea bondeni, maji yamepita juu yake. Mizizi ya miti iliyo uchi ukingoni, na mawe yasiyo na ukungu wa kijani upande wa juu, yanasema hivyohivyo.

Sasa pandeni. Mahali pa kulala pawe angalau mita mbili juu ya ile alama, kwa kimo, na si chini ya hatua 80 kutoka majini. Kimo ndicho kinachookoa. Umbali peke yake hautoshi, kwa sababu unaweza kuwa hatua 100 kutoka kwenye kijito na bado umelala kwenye mkondo wake wa zamani.

Kuna faida mbili nyingine za kupanda. Usiku hewa baridi huteremka na kujaa korongoni kama maji, hivyo ukingoni ndipo penye baridi kali kuliko kote. Pili ni sauti. Kijito kinavuma. Aliyelala ubavuni mwake hasikii mtu akiita, wala hasikii maji yakibadilika.

Kabla ya kuridhika, inueni macho. Tawi kavu lililoning'inia, au mti uliokufa ukiwa umesimama, unatosha kuhamisha kambi nzima. Angalieni pia ardhi: mstari mweusi unaotembea ni siafu, sogeeni mbali nao. Na mkiona maganda ya upupu yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, msipite hata karibu yake.

Mtajua mmefaulu mkiweza kusimama kwenye mlango wa hema, mkakiona kijito chini yenu na kukisikia kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Hatua ya 5: Gaweni kambi kwa kufuata mwelekeo wa maji

Sehemu ya juu kabisa ya kijito ni ya kuchota maji ya kunywa. Hapo hakuna mtu kuoga, kunawa wala kuosha chombo. Hatua 50 chini yake ni pa kuchezea na kujipoza miguu. Vyombo na nguo havioshwi ndani ya kijito kabisa: chota maji kwa ndoo, osha hatua 80 kutoka ukingoni, mwaga udongoni.

Sipendi kuona povu la sabuni kwenye maji yale, na nasema hivi kwa uchungu. Vijito vya upande wa mjini huingia Mto Morogoro, kisha Ngerengere, kisha Ruvu. Ruvu ndio mto ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota maji ya Dar. Unachokimwaga pale kinateremka kuelekea kwenye bomba la nyumbani kwako.

Choo, kama hakipo kilichojengwa, kiwe hatua 80 au zaidi kutoka majini, upande wa chini wa kambi, kwenye udongo mweusi usio na mawe. Chimbeni mtaro mfupi wa kina cha sentimita 30 na mwache koleo hapohapo. Kila anayetumia anafukia kidogo. Zungushieni kitenge. Taulo za kike na vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia (wipes) haviozi. Vinaingia kwenye kiroba na kurudi mjini.

Jiko liwe kati ya mahema na kijito, chini ya turubai, hatua 15 kutoka hema la karibu. Harufu ya chakula huita panya na nyani.

Kwenye mahema, chimbeni kwa kidole tu kuona kama ardhi ina maji. Kikitoka na tope, hamieni pengine. Milango itazame upande wa bondeni. Msikate miti ya kusimamishia turubai. Fungeni kamba kwa fundo la kufunguka kwenye miti iliyo hai, yenye unene wa mkono wa mtu au zaidi.

Hatua ya 6: Maji ya kunywa

Maji ya mlimani ni maangavu na yana baridi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Juu yenu kuna wanyama, na pengine mashamba na watu. Uangavu hausemi lolote kuhusu vijidudu.

Mtu mmoja anahitaji lita tano kwa siku za kunywa na kupikia. Watu 12 ni lita 60, madumu matatu. Chujeni kwa kanga iliyokunjwa mara nne, mkimimina kutoka dumu la njano kwenda kwenye ndoo nyeupe. Wekeni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, funikeni, subirini dakika 30. Au chemsheni: yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha, juu ya mita 2,000 yaacheni dakika tatu.

Njano ni maji ghafi, nyeupe ni maji salama. Gizani, mtu mwenye kiu hasomi maandishi, lakini rangi ataiona kwa tochi. Kikombe kisizamishwe ndani ya ndoo. Hiyo ndiyo kazi ya koki.

Mchagueni mtu mmoja wa maji kwa kila siku. Kazi ya wote huwa si ya mtu.

Hatua ya 7: Chakula

Maharage yachemsheni nyumbani, yagandisheni, yabebeni yakiwa barafu kwenye chombo kilichofungwa. Yatawafikia yakiwa baridi bado na mtaokoa saa mbili za gesi. Usiku wa kwanza pikeni hayo na wali, kilo mbili za mchele zinatosha watu 12. Siku ya pili ni ugali, kilo tatu za unga, na dagaa wa kukaanga na kabichi. Asubuhi chai ya tangawizi na maandazi yaliyotoka Dar. Nyama mbichi msiibebe.

Mchana wekeni karanga na ndizi mbivu karibu na kila mtu. Kwenye baridi mwili unachoma chakula haraka na watu hawahisi njaa, wanahisi uchovu na hasira.

Hatua ya 8: Usiku

Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Morogoro mjini iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya mita 1,500 mwezi Julai ni baridi ambayo mtu wa Temeke hajawahi kulalia. Badilisheni nguo zote kabla ya kulala, hata kama mnaziona kavu, kwa sababu zina jasho. Soksi safi zibaki ndani ya blanketi, ni za usiku tu. Chini ya mwili panahitaji sponji kuliko juu panavyohitaji blanketi la pili: ardhi ndiyo inayonyonya joto.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Hewa ya mkaa haina harufu, inamlaza mtu na haamki. Tafadhalini, hili lirudieni kwa kila mmoja kabla ya giza, kwa sauti.

Saa moja jioni hesabuni watu. Kuanzia hapo hakuna anayetoka peke yake. Choo ni wawili wawili na filimbi. Zungushieni majivu makavu kwenye miguu ya meza ya chakula na kando ya mahema, yanawasumbua siafu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, nyoka na nge wanapenda mahali penye joto.

Kisha chomekeni kijiti ukingoni mwa kijito, pale hasa maji yanapoishia, na mfunge uzi mweupe sentimita kumi juu yake. Atakayeamka usiku amulike kutoka juu. Uzi ukilowa, amsheni wote. Msisubiri uzi pia mkiona mojawapo ya haya: maji yamebadilika rangi kuwa ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinapita kwa wingi, pua inasikia udongo mbichi, au mngurumo umekuwa mzito. Hapo hakuna kukusanya sufuria. Pandeni juu na tochi, hesabuni watu, subirini kuche. Na kijito kikijaa wakati njia ya kurudi inakivuka, msivuke. Maji ya magotini yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima. Vijito vya mlimani hujaa haraka na kushuka haraka. Saa chache za kungoja zinatosha mara nyingi.

Hatua ya 9: Kuondoka

Anzeni saa moja asubuhi. Fukieni mtaro na mrudishie majani juu yake. Pangeni mstari mmoja, bega kwa bega, mtembee kambi yote mkiokota: vifuniko vya chupa, vipande vya kamba, maganda ya mayai. Viroba vyote vinashuka nanyi hadi mjini.

Mwiteni mwongozaji asimame katikati na mumuulize mahema yalikuwa wapi. Akilazimika kufikiri, mmefanya vizuri.

Mahema mtakuwa mmeyakunja yakiwa na umande, hakuna namna. Mkifika Dar, hata kama ni usiku, yatandazeni kwenye kamba ya nguo au sebuleni mpaka yakauke kabisa. Hema lililokunjwa bichi kwa wiki moja kwenye joto la Dar huota ukungu mweusi kwenye mishono, na huko ndiko maji yataanza kupitia safari ijayo.